Wazazi maskini, matokeo mazuri: mwongozo kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule

Kila matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, hutokea shule moja au mbili wilayani ambazo hakuna aliyezitegemea. Umeme hakuna, choo cha walimu kina mlango wa gunia, wazazi wanalima mahindi ya kula tu, na bado shule imezipita zile za mjini. Wapo watakaosema wamebahatisha, na wapo watakaosema wameiba mtihani. Ukizichunguza kwa karibu shule za namna hii utakuta mambo yale yale, yanafanywa kila siku bila mbwembwe, na mengi hayahitaji hela.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na kamati ya shule ya msingi ya serikali Tanzania, ile yenye watoto wengi na walimu wa kuhesabu. Nimeupanga kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi kama ningekabidhiwa ofisi kesho. Jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo litakalozua ubishi kwenye kikao cha walimu: matokeo ya darasa la saba hutengenezwa darasa la kwanza hadi la tatu. Kambi ya miezi ya mwisho humsaidia mtoto anayejua kusoma. Asiyejua inamchosha tu.

Kabla hujaanza: vifaa pekee havitoshi

Habari za shule maskini huanza na upungufu: madawati, vitabu, nyumba za walimu. Upungufu upo, na kamati iendelee kuudai kila mahali panapodaika. Ila usisubiri uishe ndipo uanze kazi.

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za msingi nchini. Baadhi ya shule zilipelekewa fedha za ruzuku moja kwa moja. Nyingine, walimu wake waliahidiwa motisha ya fedha kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayefaulu upimaji. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Shule zilizopata fedha tu zilinunua vitabu na vifaa, lakini watoto hawakupanda. Zilizopanda waziwazi ni zile zilizopata fedha na motisha kwa pamoja. Kitabu kilifanya kazi pale mwalimu alipokuwa na sababu ya kukifungua.

Kule Busia, magharibi mwa Kenya, shule zilipewa vitabu vya kiada miaka ya 1990, na waliofaidika ni wale waliokuwa wakiongoza darasa tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale. Walio nyuma hawakuweza kuvisoma, basi vikabaki mapambo ya begi.

Hatua ya 1: Pima kusoma, mtoto mmoja mmoja

Fanya hivi wiki ya kwanza ya muhula, kabla ya jambo lolote. Usitumie mtihani wa karatasi. Mtihani wa kuchagua A, B, C au D unamwezesha asiyejua kusoma kupata alama 25 kwa kubahatisha, nawe ukaandika kwamba "anahitaji juhudi".

Andaa ukurasa mmoja wenye ngazi tano: herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi yenye maswali mawili. Weka meza chini ya mwembe, mbali na macho ya wenzake, uite mmoja mmoja kuanzia darasa la pili hadi la saba. Kila mtoto dakika nne. Shule ya watoto 500 yenye walimu sita humaliza kwa siku mbili bila kukimbizana.

Jihadhari na mtoto anayekariri. Utampa kitabu cha darasa la tatu, naye atasoma "Asha anakwenda sokoni kununua nyanya" bila kukwama, kwa sauti ya juu kabisa, huku akiyumba kidogo kama walivyofundishwa kusoma wote kwa pamoja. Sasa weka kidole kwenye neno "kununua" na ufunike mengine. Kimya. Ataangalia picha, ataona kikapu, kisha atajaribu: "Nyanya?" Huyo yuko ngazi ya silabi, hata kama ripoti yake ina B ya Kiswahili. Kwa hiyo tumia maandishi ambayo hayamo kwenye kitabu cha darasa, yaandike mwenyewe.

Kuhesabu nako pima hivyo hivyo kwa dakika mbili: kutambua namba, kujumlisha, kutoa kwa kukopa, kuzidisha.

Yote yaingie kwenye kaunta buku moja: jina, darasa, ngazi, tarehe. Moja tu, ikae ofisini. Utarudia upimaji huu kila baada ya wiki sita hadi nane, na safu zile za tarehe ndizo zitakazokuonyesha nani anasogea. Siku ya kwanza itakuwa chungu, kwa sababu utawakuta watoto wa darasa la sita wanaohangaika na "ma me mi mo mu". Usiwataje mstarini. Wala usimgombeze mwalimu wao wa sasa, kwani amewarithi hivyo.

Hatua ya 2: Mpeleke mwalimu wako bora darasa la kwanza

Hapa ndipo penye ubishi. Desturi yetu ni kwamba mwalimu hodari hupewa la saba, na la kwanza hupewa mgeni, mgonjwa, au yule anayekaribia kustaafu, akiwa na watoto 120 sakafuni. Ni desturi inayoeleweka, kwa sababu afisa elimu anauliza matokeo ya la saba. Lakini kila mwaka la saba linapokea watoto walioharibikiwa chini, na hodari wako anatumia nguvu zake zote kuziba pengo la miaka mitano.

Mwalimu wa darasa la kwanza awe mvumilivu, mwenye sauti na uchangamfu, na akubali kukaa na watoto wale wale hadi wamalize la pili. Kama walimu wanatosha, wagawe watoto mikondo miwili. Kama hawatoshi, kundi moja lisome asubuhi na jingine liingie baadaye. Saa mbili na nusu za kweli zenye watoto 60 ni bora kuliko saa tano za kelele zenye watoto 120.

Mwalimu huyo asipangiwe zamu nyingi wala kutumwa mjini kufuatilia barua. Na heshima yake ionekane: kama shule inatoa zawadi ya soda siku ya matokeo ya la saba, basi itoe pia siku darasa la pili linapopimwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu).

Mwaka 2027 unaipa hatua hii uzito zaidi. Kwa Sera ya Elimu toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita, na mwaka huo darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja. Kuanzia hapo ule mwaka mmoja wa ziada wa kumsukuma mtoto aliyechelewa haupo tena.

Hatua ya 3: Rudisha muda ulioibwa

Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 katika shule za msingi Tanzania ulikuta walimu wasiokuwepo shuleni ni kama 14 kwa mia. Wasiokuwepo darasani walikuwa karibu nusu. Maana yake wengi walikuwa pale pale shuleni: ofisini, chini ya mti, kwenye simu, au wanasahihisha madaftari. Sikatai kwamba wapo wazembe. Lakini aliyewahi kufundisha vipindi saba mfululizo mbele ya watoto 90 anajua kwa nini mtu anakawia kunyanyuka kengele inapogongwa.

Fanya hesabu hii kwenye kikao, ubaoni, walimu wote wakiona: kipindi kimoja cha dakika 40 kikipotea kila siku, kwa siku 194 za masomo, ni karibu saa 130 kwa mwaka. Kisha kubalianeni yafuatayo.

Vikao vyote vifanyike baada ya masomo, pamoja na vile vya dharura ambavyo kila wiki vipo. Mgeni akija, apokelewe na mwalimu mkuu au mwalimu wa zamu peke yake. Anayefuata mambo ya benki au ya halmashauri aage siku moja kabla, aache kazi kwa mwenzake anayejulikana kwa jina. Usafi, kuchota maji na mstarini viishe kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Kuna shule ambazo mtoto anaingia darasani saa mbili na nusu, tayari amechoka kwa kubeba madumu.

Kusahihisha ndiko kunakoua vipindi vingi. Mwalimu wa watoto 100 hawezi kusahihisha madaftari 100 kila siku, na akijaribu ataacha kufundisha. Achague madaftari 20 kwa siku, kwa zamu, ayasome kwa makini, na mengine watoto wabadilishane na kusahihishiana majibu yakiwa ubaoni.

Kiranja atunze daftari la vipindi: somo, saa aliyoingia mwalimu, saa aliyotoka. Mwalimu mkuu alipitie Ijumaa na azungumze na mhusika faraghani. Naye awe na vipindi vyake na aandikwe kama wengine. Mkuu asiyefundisha hana sauti katika jambo hili.

Hatua ya 4: Saa moja ya makundi

Hii ndiyo kazi yenyewe, yote yaliyotangulia yalikuwa kuiandalia nafasi. Tenga saa moja kila siku, saa ile ile, ambapo darasa la tatu hadi la sita linavunjwa. Watoto hawaendi kwa darasa bali kwa ngazi ile uliyoandika kwenye kaunta buku. Wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya na hadithi pamoja. Njia hii ilikuzwa na shirika la Pratham nchini India na imeenea nchi kadhaa za Afrika.

Wazazi watauliza kama hii haiwabagui walio nyuma. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005, shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, na karibu nusu yake ziliwagawa watoto kwa kiwango chao. Zilizogawa, watoto wote walipanda kuliko za mchanganyiko, wa chini na wa juu, kwa sababu mwalimu alifundisha kile ambacho kundi lake linaweza kukishika. Lakini kuna masharti. Kundi la chini lipewe mwalimu mzuri na liwe dogo, watoto wasizidi 30 ikiwezekana. Na mtoto ahame kundi siku ile anapopanda, bila kusubiri mwisho wa muhula. Kundi lisilohama linageuka jela, na watoto watalipa jina baya kabla ya wiki mbili.

Ukikosa walimu, kundi la hadithi linaweza kujiendesha chini ya kiranja: wanasoma wawili wawili, wanaulizana maswali, wanaandika ufupisho. Hao ndio wenye uwezo wa kukaa wenyewe. Usifanye kinyume.

Hatua ya 5: Fundisha kusoma kwa namna Kiswahili kinavyosomeka

Tumebahatika. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto akishika silabi anaweza kusoma neno lolote, hata asilolijua maana. Kwa hiyo katika kundi la chini usipoteze muda na kukariri alfabeti kwa wimbo. Anza na irabu tano. Chukua konsonanti chache zinazozaa maneno ya nyumbani: m, k, b, t, l. Siku hiyo hiyo mtoto aunde "mama", "kaka", "bibi", "tatu", "lala". Furaha ya kusoma neno zima siku ya kwanza inamrudisha kesho yake.

Kata manila, au pande za maboksi ya dukani, uandike silabi moja kila kipande. Watoto wakae sakafuni wanne wanne, wapange maneno, wayasome, wayaandike kwenye mchanga kisha kwenye daftari. Zikishika silabi za kawaida, ndipo uingie kwenye mwambatano: "cha", "nya", "nga", "ng'o", "mbwa", "ndwe". Hapa watoto wengi hukwama na walimu wengi hupita mbio. Kaa hapa wiki mbili hadi tatu.

Kama kijiji hakizungumzi Kiswahili nyumbani, mtoto wa darasa la kwanza anajifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja, na huo ni mzigo. Anza kwa mdomo: hadithi, nyimbo, kutaja vitu, kupokea maagizo. Mtafute mama au kijana wa hapo kijijini asaidie kwa lugha ya nyumbani. Mpango wa Utayari wa Shule, uliowahi kuendeshwa katika mikoa kadhaa, ulitumia wasaidizi wa jamii kwa wiki 16 kuwaandaa watoto wasiopitia awali. Kamati inaweza kufanya kitu cha namna hiyo bila kusubiri mradi mwingine.

Kwa hesabu, visoda na vijiti vinatosha. Funga vijiti kumi kumi kwa mpira, mtoto auone mkopo kwa macho: fungu moja linafunguliwa, vijiti kumi vinaingia kwenye mamoja. Mengine yatakuja.

Hatua ya 6: Njaa na utoro

Mtoto aliyetembea kilomita tano bila kunywa chai hasikii chochote baada ya saa nne. Uji ni sehemu ya taaluma. Lakini usitarajie miujiza: huko magharibi mwa Kenya shule za awali zilizotoa uji zilipata mahudhurio makubwa zaidi kwa karibu theluthi, ila kujifunza kulipanda tu pale palipokuwa na mwalimu aliyeandaliwa vizuri. Uji unamleta mtoto. Kinachofuata ni juu yako.

Changia chakula wakati wa mavuno, si Januari. Debe la mahindi mwezi wa saba halimwumizi mzazi, na elfu kumi ya Februari haipatikani. Makubaliano yapite kwenye mkutano wa kijiji, yaandikwe, na mtunza stoo awe mzazi, asiwe mwalimu. Asiyechangia alipe kwa kuni, maji au kupika. Mtoto asirudishwe nyumbani wala kunyimwa kikombe kwa deni la mzazi.

Dawa za minyoo zinapoletwa, hakikisha hakuna anayekosa siku hiyo. Utafiti uliofanyika katika shule 75 za Busia ulionyesha utoro kupungua kwa robo baada ya watoto kupewa dawa.

Utoro uuchambue kwa siku, usiangalie jumla. Chukua rejista ya miezi miwili na uhesabu wasiokuwepo kila siku ya juma. Karibu kila shule ya kijijini ina siku yake: siku ya mnada, siku ya gulio, au msimu wa kupalilia na kuamia ndege. Ukishaijua, mwenyekiti wa kijiji anaweza kusimama njiani kuelekea mnadani, na wewe unaweza kuweka jambo ambalo watoto hawataki kulikosa siku hiyo, kama mpira au hadithi.

Na viboko vya kuchelewa viache. Mtoto aliyechelewa dakika ishirini kwa sababu alipeleka mbuzi malishoni, akijua fimbo inamsubiri getini, atageuza njia, na siku nzima itapotea badala ya zile dakika ishirini.

Hatua ya 7: Hela kidogo, zionekane

Ruzuku ya uendeshaji imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikibaki kitaifa kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 500 inabaki na kama milioni tatu za mwaka mzima. Bandika kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, kwa mwandiko mkubwa. Mzazi anayeona hesabu hauliziulizi akiombwa debe.

Matumizi ya kwanza yawe chaki, manila, kaunta buku na vitabu vya hadithi vya madarasa ya chini. Vitabu vilivyofungiwa kabatini visichakae vitolewe. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Hatua ya 8: Ingia darasani kama mwenzao

Mji wa Sobral, jimbo la Ceará, moja ya majimbo maskini ya Brazili, uligundua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba karibu nusu ya watoto wa darasa la pili hawajui kusoma. Walianza kuwateua walimu wakuu kwa sifa badala ya kujuana na wanasiasa, wakapima kusoma mara kwa mara, na mafunzo ya walimu yakajikita kwenye masomo ya wiki inayofuata. Kwenye kipimo cha taifa cha elimu, Sobral ilipanda kutoka alama 4.0 mwaka 2005 hadi 9.1 mwaka 2017, juu ya miji yote ya nchi ile.

Kwetu nafasi ya kufanya hivyo ipo tayari: MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za ujifunzaji. Tatizo ni kwamba vikao vyake vinageuka kusomeana miongozo. Geuza. Kila wiki mwalimu mmoja aje na kitu kimoja kilichowashinda watoto, wenzake wamwonyeshe wanavyokifundisha, kwa chaki mkononi. Dakika 45, basi. Mwalimu mkuu aingie darasani mara moja kwa wiki kwa kila mwalimu, akae nyuma, aandike mambo mawili: moja zuri la kweli, moja la kujaribu kesho. Asikague andalio la somo mbele ya watoto.

Darasa la saba lenyewe

Silisahau. Kuanzia Januari watenge wale wasiofika ngazi ya hadithi, wapewe saa ya makundi mara mbili kwa siku. Wengine wafanye mazoezi ya mitihani iliyopita mara moja kwa wiki, na kila swali walilokosa lifundishwe upya siku ya pili yake. Kurundika mitihani ya kila Jumamosi bila kuyafundisha makosa hakuongezi kitu. Hesabu za mafumbo fundisha kama usomaji: mtoto aeleze kwa maneno yake kinachoulizwa kabla hajashika kalamu. Watoto wengi wanaoanguka Hisabati wanaanguka kwenye sentensi.

Uhamisho

Shule nyingi zilizopanda zimeporomoka ndani ya miaka miwili baada ya barua moja kutoka halmashauri. Mwalimu mkuu mpya anafika, anakuta mambo ya ajabu, watoto wa la tano na la tatu wamekaa pamoja saa nne asubuhi, anayafuta. Andaa faili la makabidhiano mapema, kabla hata hujasikia tetesi: kaunta buku za upimaji, ratiba ya makundi, muhtasari wa mkutano wa kijiji kuhusu chakula, na majina ya walimu wa la kwanza na la pili pamoja na sababu za kuwaweka pale. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa kamati. Yeye hahamishwi, na ndiye atakayemwambia mgeni asubiri hadi upimaji unaofuata kabla ya kubadilisha ratiba.